Yesu Kwetu ni Rafiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maneno na Muziki Wake

Maswali haya hurudiwa sana na waimbaji, walimu wa kwaya na waumini wanaotaka kuujua vizuri wimbo ambao wengi tuliukariri kabla hatujajua kusoma. Tumeanza na historia, tukaingia kwenye muziki, kisha maana, na mwisho namna ya kuuimba. Jibu likishatolewa mahali, hatulirudii. Tunakuelekeza kwenye namba yake.

## Mwanzo wa wimbo

1. Huu ni wimbo upi hasa?

Ni ule unaoanza "Yesu kwetu ni rafiki, hwambiwa haja pia". Umo katika *Tenzi za Rohoni* na katika vitabu vingine vya nyimbo za Kikristo. Namba yake hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu, kwa hiyo ukiutangaza ibadani taja na mstari wa kwanza. Kwa Kiingereza unaitwa *What a Friend We Have in Jesus*. Una beti tatu zenye mistari minane mifupi kila mmoja.

2. Nani aliyeandika maneno yake?

Joseph Medlicott Scriven, mwana wa Ireland aliyezaliwa Banbridge mwaka 1819. Alisoma Trinity College mjini Dublin, kisha akahamia Kanada akiwa bado kijana, akaishi miaka mingi maeneo ya Port Hope na Rice Lake katika jimbo la Ontario, akifundisha watoto.

Mwaka 1855 mama yake alikuwa mgonjwa huko Ireland, na bahari yote ya Atlantiki ilikuwa kati yao. Scriven hakuweza kwenda kumuuguza. Akamwandikia shairi la kumtia moyo, akalipa kichwa chenye maana ya "Ombeni bila kukoma", maneno ya 1 Wathesalonike 5:17. Hakuliandika ili liimbwe, wala hakulenga lichapishwe. Hili lifahamike mapema, kwa sababu watu huuchukua wimbo huu kama wimbo wa faraja tu, wakati mwandishi wake alikuwa anamhimiza mama yake aombe.

3. Ni kweli aliutunga usiku ule mchumba wake alipozama?

Hapana. Mambo mawili yamechanganywa. Ni kweli kwamba mwaka 1843, siku moja kabla ya harusi yao, mchumba wake alizama majini huko Ireland. Lakini shairi lilikuja miaka kumi na miwili baadaye, kwa sababu tuliyoieleza katika swali la 2.

Wengine husema ulitokana na kifo cha mchumba wake wa pili, Eliza Roche. Huyo alifariki mwaka 1860 kwa maradhi kabla hawajaoana, wakati shairi lilikuwa limeshaandikwa. Kwa maoni yangu ukweli una uzito kuliko hadithi inayosimuliwa: Scriven aliandika maneno haya baada ya msiba mmoja mkubwa, na alikuwa hajui kwamba wa pili unakuja. Ilimbidi ayaishi aliyokwisha kumwandikia mama yake.

4. Aliishije baada ya hapo?

Kwa umaskini wa kujitakia. Alikuwa katika jumuiya ya Plymouth Brethren, kundi la Wakristo wasio na wachungaji rasmi, na alilichukua Fundisho la Mlimani kama lilivyoandikwa. Aligawa fedha zake, hata nguo zake. Port Hope alijulikana kwa kutembea na msumeno, akiwakatia kuni wajane na wagonjwa wasio na uwezo wa kulipa. Mwenye uwezo wa kulipa alishauriwa atafute mtu mwingine.

Siku zake za mwisho zilikuwa nzito, kwa ugonjwa na huzuni. Agosti 1886 alikutwa amefariki majini karibu na Rice Lake, alipokuwa akiuguzwa na marafiki. Hakuna aliyeshuhudia ilivyotokea. Huwa tunaogopa kulisema hili kanisani, lakini silioni kuwa aibu kwa wimbo. Aliyeandika habari za dhiki na mashaka alizijua mpaka mwisho, na marafiki zake walikuwa wakimuuguza.

5. Mbona baadhi ya vitabu vya zamani vina jina la Horatius Bonar?

Kwa kuwa shairi lilisambaa bila jina la mwandishi. Ira Sankey, mwimbaji aliyefuatana na mhubiri Dwight Moody, alipouingiza katika kitabu chake mwaka 1875 aliamini kwamba ni kazi ya Bonar, mchungaji wa Scotland aliyetunga nyimbo nyingi. Baadaye kosa lilisahihishwa. Sankey alisimulia pia kwamba jirani aliyemtembelea Scriven akiwa mgonjwa aliliona shairi hilo, akauliza kama ni yeye aliyelitunga, naye akajibu kwamba walilitunga pamoja, yeye na Bwana.

## Muziki

6. Nani alitunga tuni, yaani sauti ya wimbo?

Charles Crozat Converse, Mmarekani aliyezaliwa 1832, mwanasheria aliyekuwa amesomea muziki Leipzig, Ujerumani. Aliitunga mwaka 1868, miaka kumi na mitatu baada ya shairi. Vitabu vingine huiita *Converse*, vingine *Erie*, kwa jina la mji wa Pennsylvania alikoishi.

Kwa hiyo mwenye maneno na mwenye sauti hawakukaa meza moja. Ndiyo maana inastaajabisha jinsi vitu hivi viwili vilivyoshikana, kama utakavyoona katika jibu linalofuata.

7. Tuni imejengwaje? Mbona ni rahisi kuikumbuka?

Ukiijua sehemu moja umeshajua robo tatu ya wimbo. Mistari minane imegawanyika jozi nne. Jozi ya kwanza, ya pili na ya nne zina sauti karibu ileile; jozi ya tatu peke yake ndiyo tofauti.

Tazama mstari wa kwanza na wa pili kwa sol-fa, yaani majina ya noti toka do, re, mi hadi ti: *so so la so mi do, do la*, halafu *so do mi do so mi re* (la ile ya mwisho wa mstari wa kwanza na so inayoifuata ni za chini). Hesabu noti zilizotumika: do, re, mi, so, la. Ni tano tu, hakuna fa wala ti. Nyimbo nyingi za asili duniani, zikiwamo za makabila mengi ya Afrika Mashariki, zimesimama juu ya noti tano za namna hii, na nadhani hiyo ni sababu moja ya tuni ya mwanasheria wa Pennsylvania kupokewa vijijini kwetu kama yetu. Jozi ya pili hufanana na ya kwanza, ila mwisho wake hugeuka: *so do mi re do ti do*. Ti hugusa kidogo tu, kisha tunafika nyumbani, kwenye do.

Sasa jozi ya tatu, pale penye "Lakini twajikosesha". Sauti inaondoka: *re de re mi fa re, mi so*. De ni do iliyopandishwa nusu, noti pekee ya kigeni katika wimbo mzima, na waimbaji wengi huikosa kwa kuimba *re re re*. Halafu *la la so mi fa mi re*. La hii ya juu ilikuwapo tangu mstari wa kwanza, lakini pale ilipita haraka; hapa inakaliwa, na kwa Kiswahili inaangukia mwanzo wa "twajitweka vibaya". Jozi hii yote haigusi do ya nyumbani, na inaishia re, mahali pa kusubiri.

Kisha jozi ya nne inarudi kwenye sauti ya mwanzo na maneno "Kwamba tulimwomba Mungu, dua angesikia". Maneno yanapolaumu, muziki umetoka nyumbani; maneno yanapotaja maombi, muziki umerudi. Ubeti wa tatu unafanya vivyo hivyo: watu wanaodharau wako katika jozi ya tatu, mikono inayokumbatia iko katika ya nne. Kama mwalimu wa kwaya atafundisha jambo moja tu kuhusu wimbo huu, na liwe hili.

8. Kwa nini hauna kiitikio?

Kwa sababu kiitikio kimeshonwa ndani ya beti zenyewe. Sikiliza mwisho wa kila ubeti: "dua angesikia", "maombi asikia", "dua atasikia". Neno la kusikiwa ndilo linalorudi. Ukiongeza pambio katikati unakata mwendo huu, hasa toka ubeti wa pili kwenda wa tatu.

9. Uimbwe kwa ufunguo gani na mwendo gani?

Vitabu vingi huuweka kwenye F. Sauti ya kwanza hutembea toka so ya chini hadi la ya juu, yaani noti tisa, na kwenye F karibu kila mtu anafika. Ibada ya asubuhi mapema au mkesha, ambapo koo ni nzito, shusha hadi E-flat. Kupanda G kunawafaa wanakwaya waliopasha sauti, lakini usharika utabaki nyuma.

Mwendo ni mapigo manne. Noti ya kwanza ya kila mstari imevutwa kidogo, nyingine hufuata kwa haraka zaidi. Kosa kubwa kwetu ni kuukokota. Unapokokotwa, watu wanakosa pumzi katikati ya "Tukiomba kwa Babaye", wanaigawa sentensi vipande viwili, na maana inapotea. Mapigo 70 hadi 80 kwa dakika yanatosha hata msibani. Huzuni haihitaji wimbo uburuzwe.

10. Mbona silabi ya mwisho ya mistari mingi inasikika vibaya?

Hili ni swali zuri, na jibu liko kwenye lafudhi. Mistari ina silabi nane na saba kwa kupokezana. Mstari wa silabi nane unakubaliana kabisa na Kiswahili: "Ye-su kwe-tu ni ra-*fi*-ki", mkazo unakaa panapostahili. Lakini mstari wa silabi saba ulitungiwa lugha inayoweza kumalizia kwa silabi yenye mkazo, na noti yake ya mwisho ni ndefu. Sisi tunasema "*pi*-a", "asi-*ki*-a", huku muziki ukitulazimisha kukaa juu ya "a".

Dawa ni ndogo: weka uzito kwenye silabi ya sita, kisha iachie "a" ielee kwa sauti ya chini zaidi, usiipige. Besi na tenor hasa ndio huipigia kelele. Jaribuni mara mbili, mtasikia tofauti.

## Maana

11. Ubeti wa kwanza unasema nini?

Unasema mambo mawili, na la pili husahauliwa. Kwanza, Yesu ni rafiki anayeambiwa haja zote. Pili, sisi wenyewe tunajikosesha amani na kujitwika mizigo kwa sababu hatuombi. Hilo ni onyo. Yakobo 4:2 lina ukali uleule: hamna kitu kwa kuwa hamwombi. Scriven analisema kwa upole, tena kwa nafsi ya kwanza, "twajikosesha", akijihesabu pamoja na mama yake na sisi.

12. "Hwambiwa", "Babaye", "kwamba": haya ni maneno gani?

Ni Kiswahili cha zamani, kilichofupishwa ili silabi zitoshe (swali la 10). "Hwambiwa" ni huambiwa. "Haja pia" ni haja zote. "Babaye" ni Baba yake, ambayo ingezidisha silabi moja. "Kwamba tulimwomba" ni kama tungalimwomba. "Maonjo" ni majaribu, "ujaporushwa" ni hata ukitupwa. Wafundisheni watoto maana, lakini msiyabadilishe maneno. Kila toleo jipya linalojaribu kuyasahihisha huishia kuharibu vina.

13. Unasimama juu ya aya zipi za Biblia?

Hizi ndizo zinazosikika wazi: Yohana 15:13-15, Yesu anapowaita wanafunzi rafiki, Wafilipi 4:6, haja zenu na zijulikane na Mungu, Mithali 18:24, rafiki aambatanaye na mtu kuliko ndugu. Kwa ubeti wa pili ongeza Waebrania 4:15, kuhani mkuu anayechukuana nasi katika udhaifu wetu. Ubeti wa tatu una Mathayo 11:28, wito kwa wanaosumbuka na kulemewa na mizigo.

14. Je, wimbo unaahidi kwamba nikiomba nitapata?

Hapana, na ni lazima tulieleze hili kwa uaminifu, maana watu wameumizwa nalo. Mama amemwombea mtoto wake apone, mtoto amefariki, na wiki ileile anaimbiwa "maombi asikia". Anajiuliza kama aliomba vibaya.

Soma maneno tena. Beti zote tatu zinasema *asikia*. Hakuna mahali panaposema kwamba atatoa kila kilichoombwa. Kinachoahidiwa ni kusikiwa, kuhurumiwa, kujulikana udhaifu wako, na kukumbatiwa mikononi. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke (2 Wakorintho 12:8-9), akajibiwa kwamba neema inamtosha, na mwiba ukabaki. Scriven naye alizika wachumba wawili. Asingeweza kuandika, wala kuendelea kuamini, wimbo unaosema kwamba maombi huzuia misiba.

Kwa hiyo unapouimbisha mbele ya wafiwa, usiutangulize na mahubiri ya ushindi. Waache waimbe tu. Asiyeweza kuimba, wengine wanamwimbia, na hiyo nayo ni kazi ya wimbo.

15. Kumwita Yesu rafiki si kukosa heshima?

Wazee wengine huliona hivyo, na wasiwasi wao una mantiki: rafiki ni wa rika lako. Lakini jina hili alilitoa yeye mwenyewe katika Yohana 15, baada ya kusema kwamba hakuna upendo mkuu kuliko wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Na wimbo haumshushi. Yeye ndiye anayetupeleka kwa Baba yake, ndiye anayesikia, ndiye anayehurumia.

## Kuuimba

16. Ni wimbo wa msiba?

Umezoeleka misibani na katika kuwatembelea wagonjwa, lakini hauna hata neno moja kuhusu kifo. Unafaa ibada ya maombi, kipaimara, mwanzo wa mwaka, hata harusi. Japani tuni na maneno yake ya Kijapani huimbwa sana katika harusi zinazofungwa kanisani. Ukiuweka msibani tu, vijana wataukimbia.

17. Muda ukiwa mfupi tuache ubeti gani?

Tafadhali msiache. Beti tatu kwa mwendo mzuri hazichukui hata dakika nne. Ikiwa hakuna budi, bakizeni wa kwanza na wa tatu. Kuishia kwenye wa kwanza ni kuwaacha watu na lawama bila mikono inayowapokea.

18. Tunaweza kutumia tuni nyingine?

Ndiyo. Mizani yake ni 8.7.8.7 mara mbili, yaani silabi nane na saba kwa kupokezana, na tuni yoyote ya mizani hiyo itaingia. Uingereza na Wales wengine huimba maneno haya kwa *Blaenwern* ya William Rowlands, tuni pana na nzuri sana kwa kwaya kubwa. Mimi hubaki na ya Converse kwa usharika, kwa sababu nilizozitaja katika swali la 7.

19. Ngoma, kayamba na gitaa vinaruhusiwa?

Vinaruhusiwa, na vinapendeza vikifuata mwendo badala ya kuusukuma. Angalieni jozi ya tatu tu: wapiga gitaa wengi hubaki pale kwenye kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya nyumbani, hivyo kule kutoka na kurudi kunakosekana. Kwenye F, "Lakini twajikosesha" ianze na C, si F.

20. Nimesikia tuni hii ikiimbwa bila maneno ya dini. Ni sawa?

Imetokea mara nyingi. Japani iliwahi kuwa wimbo wa shule kuhusu nyota, na katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Uingereza waliiwekea maneno yao ya kuchoshwa na vita na kutamani kurudi nyumbani. Tuni nyepesi husafiri. Silioni kuwa dharau; wale askari waliijua kwa sababu waliimba kanisani wakiwa watoto.

21. Tukirekodi kwaya yetu, tunahitaji kibali?

Scriven alifariki 1886 na Converse 1918, kwa hiyo maneno ya asili na tuni haviko tena chini ya hakimiliki. Mpangilio wa sauti uliotungwa na mwalimu aliye hai ni mali yake, vilevile rekodi ya kwaya nyingine mnayotaka kutumia vipande vyake. Maneno ya Kiswahili mkiyachapisha kwenye jalada au skrini, angalieni ukurasa wa mwanzo wa kitabu mlichoyanakili na mwandikieni mchapishaji wake kabla ya kuanza kuuza.